Punda wa Miwani Azipiku Zidaka za Bibi

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa sanaa, Mkomani, Lamu

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni. Nachora kwa simu na kuziweka kazi zangu kwenye tovuti ya wasanii ambayo kila wiki hupanga picha kwa wingi wa mioyo, yaani alama za kupendwa. Nilichukua muda mrefu kuchora zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, za chumba cha ndani nyumbani kwa bibi: nikapata mioyo 31. Kisha, nikisubiri boti ya Mokowe, nikamchora punda aliyevaa miwani ya jua. Mioyo imepita 2,000 na ameshika namba 3. Kaka yangu ananiambia niachane na zidaka, nichore punda tu. Kazi nzuri ni ipi? Nimekutumia zote mbili.
Mchoraji wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nimezitazama kwanza kwa simu, halafu nikamwomba mjukuu wangu anifungulie kwenye kompyuta. Nusu ya jibu lako imo humo.

Kwenye orodha ya tovuti, picha huonyeshwa kwa udogo wa stempu ya barua. Punda wako anatosha pale: masikio mawili, miwani myeusi, bahari nyuma yake. Zidaka ni chokaa juu ya chokaa. Zikipunguzwa kiasi kile hubaki doa jeupejeupe, na kidole cha mtu kinapita zake. Watu hao hawakuikataa kazi yako. Hawakuiona.

Nilipoikuza ndipo nikakuta pale safu ya tatu, chokaa ilipobanduka na jiwe la matumbawe likachungulia. Hapo mkono umetulia kwelikweli. Naona ulikaa na ukuta ule ukautazama. Lakini zidaka za safu ya juu umezitia kivuli kushoto, za chini ukazitia kulia, na chumba kile kinapata mwanga kutoka upande mmoja tu, wa uani. Je, kuna hata mmoja katika wale 31 aliyekwambia hivyo? Na katika wale 2,000, nani aliyekusifu kwamba masikio ya punda umeyachora kwa mstari mmoja bila kuinua mkono? Hilo si jambo la kubahatisha. Barua yako inamdharau punda, mimi simdharau.

Sasa hiyo namba 3. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Salganik, Dodds na Watts, walichapisha jaribio lililofanywa kwenye intaneti. Watu 14,341 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Kundi moja lilisikiliza bila kuona hesabu yoyote. Wengine waligawanywa katika makundi 8, kila moja likiona ni wangapi ndani yake wameupakua kila wimbo. Nyimbo ni zilezile, lakini washindi hawakuwa walewale. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa wasioona hesabu ulitoka wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika jingine. Aliyetangulia kidogo mwanzoni aliendelea kusukumwa na walioona kwamba ametangulia. Tovuti nyingi hufanya vivyo hivyo kwa makusudi: mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa saa zilizowekwa, ikaanza kutanguliza zile inazodhani utazipenda.

Ila usilifanye jaribio hilo pazia la kujifichia. Walikuta pia kwamba nyimbo bora kabisa ni nadra kuanguka chini, na mbovu kabisa ni nadra kupanda juu. Hapo katikati, ambapo wengi wetu tupo, bahati ndiyo inayogawa viti.

Kaka yako anasema jambo la biashara, na kama una wateja wa kuchapishiwa punda kwenye fulana pale sokoni, mchapishie, pesa haina haya. Ila zidaka usiziache. Rekebisha vivuli. Kisha kata kipande kile cha chokaa iliyobanduka, kifanye ndicho picha ya mbele, na picha nzima ifuate. Andika ni chumba gani, cha mtaa gani. Kabla ya kuipandisha tena, mwonyeshe fundi mmoja wa chokaa. Usimuulize kama ni nzuri, muulize jicho lake limekwama wapi.

SWALI: Mwalimu, sisi wachoraji wa Malindi tuna shindano letu la mtandaoni. Picha iliyopigiwa kura 2 tu, zote za kuipenda, imeishinda kwa asilimia ile iliyopendwa na watu 90 kati ya 100. Watu wamenuna. Tufanyeje?
Mratibu, Malindi

JIBU: Wana haki ya kununa. Asilimia 100 ya watu wawili ni habari ndogo sana. Kuna kanuni ya mtaalamu wa takwimu Edwin Wilson, ya mwaka 1927, ambayo hukadiria kiwango cha chini kinachoaminika kwa kura mlizonazo. Kwa kiwango cha kawaida cha uhakika, yaani asilimia 95, ile ya kura 2 inashuka hadi kama asilimia 34, na ile ya 90 kati ya 100 inabaki karibu 83. Kijana yeyote wenu anayejua jedwali la kompyuta ataiweka.

Muhimu zaidi, ficheni hesabu mpaka kura zifungwe, na kila anayefungua ukurasa azikute picha zimechanganywa upya. Yule aliyepeleka picha yake mapema asiwe amekaa juu wiki nzima.

Hayo yatawapa hesabu safi ya wanaopendwa, basi. Mkitaka kujua nani anachora vizuri, wekeni zawadi ya pili yenye waamuzi, na kila mwamuzi aandike sababu zake hadharani. Waamuzi nao hukosea: Paris, mwaka 1863, walikataa kazi nyingi mno hata mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, akaamuru zilizokataliwa zipewe maonyesho ya peke yao, na mchoraji Manet, aliyekuja kuwa maarufu, alikuwa humo. Sababu zikiwa zimeandikwa, aliyeshindwa atakuwa na kitu cha kubishana nacho.