Bia inachacha kabla ya kutiwa hamira

Ndugu, unalalamika kwamba bia unayopika nyumbani inakuwa chachu: lita 20 za maji ya kimea yaliyochemshwa ukiyaacha yapoe yenyewe usiku kucha, huo uchachu usiushangae. Yakishakuwa vuguvugu, bakteria hujinafasi humo. Funika sufuria, ikalishe kwenye beseni la maji, na uyabadilishe kila yanapopata moto. Barafu iingie mwishoni, tena kwenye beseni, si ndani ya bia! Oktoba hapa Dodoma hata maji ya bomba yana joto, kwa hiyo pika usiku wa manane, ukiepua tu upoze alfajiri hiyo hiyo. Izungushie sufuria gunia lililolowa, ncha zake ziguse maji ya beseni. Kwa ukavu wa hewa yetu linapoza kama mtungi. Hamira tia kwenye nyuzi 20 hivi. Koili ya shaba, yaani bomba la kujiviringa la kupitishia maji baridi ndani ya sufuria? Kwa sufuria moja sioni haja.