Titi likivimba kwa aliyewahi kuugua saratani ya tumbo

Kama umewahi kutibiwa saratani ya tumbo, au unamuuguza aliyetibiwa, na titi likaanza kuvimba, nakuomba usiende kwa daktari bila majibu ya kinyama cha kwanza, kile kilichotolewa tumboni. Nimemuuguza dada yangu mkubwa, aliyewahi kutibiwa saratani ya tumbo, najua uzito wa karatasi hiyo.

Titi lake la kushoto lilikuwa jekundu, zito, ngozi imekakamaa na kuingia vitundu vitundu. Akapewa dawa za jipu. Hazikusaidia. Kinyama kilipotolewa na saratani kuonekana, maneno ya kukata titi yakaanza. Aliyesimamisha mambo ni mtaalamu wa patholojia, yule anayechunguza vinyama kwa hadubini. Aliona seli zilizojaa ute, kiini kimesukumwa pembeni, zile ziitwazo seli za pete. Akatuita: "Huyu mama amewahi kuumwa tumbo?" Kwenye fomu ya kipimo, sehemu ya historia ya mgonjwa, yalikuwa maneno mawili tu: uvimbe titi.

Ni nadra saratani ya tumbo kuhamia kwenye titi, na ndiyo maana haraka haraka hudhaniwa ni ya titi lenyewe. Kibaya zaidi, saratani ya titi ya aina ya lobula, inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa, nayo huweza kuwa na seli za pete, tena yenyewe huweza kwenda tumboni. Hadubini peke yake haimalizi ubishi. Hapo ndipo zinapohitajika rangi maalumu za maabara, zinazoonyesha protini zilizomo kwenye seli: GATA3 na vipokezi vya homoni vikionekana, mwelekeo ni titi, CK20 na CDX2 zikionekana, mwelekeo ni tumbo au utumbo. HER2, protini nyingine inayopimwa, isikutulize, maana huweza kuwepo kwenye saratani zote mbili.

Tofauti hii hubadilisha tiba nzima. Ikiwa imetoka tumboni, ina maana imeshasambaa; kukata titi hakuondoi ugonjwa, na vidonge vya homoni havina kazi. Hutibiwa kwa dawa zinazozunguka mwili mzima, kama kemo. Dada hakukatwa. Habari zilikuwa nzito, nami sitazipamba, lakini hakupoteza nguvu zake kuuguza kidonda kisichomsaidia.

Kwa hiyo hakikisha historia ya tumbo imeandikwa kwenye fomu kabla kinyama hakijaenda maabara. Maabara isipokuwa na rangi hizo, uliza kinaweza kupelekwa wapi na kwa gharama gani. Na hospitali ya kwanza ikiwa bado imehifadhi vibonge vya nta vilivyohifadhi kinyama cha tumbo, omba barua ya daktari ukavichukue, vilinganishwe na cha titi.