Maswali ya Wasomaji: Kutoka Darasani Hadi Kwenye Soyuz

Nina shahada ya uhandisi ila sijawahi kurusha ndege. Warusi huchukua watu kama mimi kuwa wanaanga, au ni marubani wa jeshi peke yao?

Marubani peke yao ilikuwa mwaka 1960, kundi la kwanza la watu 20, Yuri Gagarin akiwemo. Mwaka 1964 mhandisi Konstantin Feoktistov aliruka na chombo cha anga Voskhod, na tangu hapo wahandisi hawajakoma. Katika usaili wa wazi uliotangazwa mwaka 2017 masharti yalikuwa haya: umri usiozidi miaka 35, shahada, uzoefu wa kazi wa miaka 3, urefu wa sentimita 150 hadi 190, uzito wa kilo 50 hadi 90. Waliojitokeza ni watu 420, wakachukuliwa 8. Sharti linalokata maneno kwa wengi wanaotuandikia ni jingine: lazima uwe raia wa Urusi.

Nimesoma kwamba hupimwa urefu hata wakiwa wamekaa. Kwa nini?

Kwa sababu ya kiti. Kila mwanaanga hulazwa kwenye plasta laini ili ichukue umbo la mgongo wake, kisha umbo hilo ndilo linalochongwa kuwa kitanda cha kiti chake ndani ya Soyuz, chombo kinachowapeleka angani na kuwarudisha. Chombo kikigusa ardhi, hata baada ya roketi ndogo za chini kuwaka chini ya mita moja kutoka ardhini kupunguza kishindo, mshtuko bado ni mkubwa. Pengo dogo kati ya mgongo na kiti ndilo linaloumiza uti. Tena huachwa nafasi juu ya kichwa, maana baada ya miezi kadhaa bila uzito mgongo hurefuka kwa sentimita kadhaa. Anayerudi si wa kipimo kile kile alichoondoka nacho.

Ni kweli mtu huzimia kwenye ile mashine ya mazoezi ya kuzungusha wanaanga?

Mara chache, kwa kuwa hulala chali na nguvu humkandamiza kutoka kifuani kwenda mgongoni, hivyo damu haikimbii kutoka kichwani kama kwa rubani wa ndege ya kivita. Mashine kubwa ya Mji wa Nyota, kituo cha mafunzo karibu na Moscow, ina mkono wa mita 18. Kipimo kinachojulikana ni mara 8 ya uzito wako kwa sekunde 40. Taabu halisi ni pumzi: kifua kimelaliwa na mzigo. Anayetoa hewa yote hushindwa kuivuta tena. Hufundishwa kukaza kifua na miguu, kupumua kwa tumbo, pumzi fupi fupi, na kutoacha mapafu yakawa matupu. Mkononi hushika kitufe; kikiachiwa, waendeshaji hujua kuna jambo.

Soyuz hutua nyikani Kazakhstan. Sasa mazoezi ya majini ya nini?

Mwaka 1976 Soyuz 23 ilitua usiku kwenye ziwa Tengiz, katika baridi kali, na wanaanga wake, Zudov na Rozhdestvensky, wakaokolewa siku iliyofuata. Haikupangwa.

Mazoezi yana sura mbili kuu. Katika ile ndefu, watu watatu hubaki ndani ya kapsuli inayoyumba, yenye nafasi ya mita za ujazo 4 hivi, wakivua suti ya anga iitwayo Sokol, wakivaa nguo nzito za baridi, kisha suti ya maji iitwayo Forel, ndipo hutoka mmoja mmoja. Kosa la kawaida ni pupa. Wote watatu wakianza kuvaa kwa pamoja hugongana viwiko, na anayetumia nguvu nyingi huchemka ndani ya nguo hizo kabla hajafika mlangoni. Wenye busara huvaa kwa zamu: mmoja anavaa, wenzake wanamshikia na kumvuta mikono. Katika ile fupi kapsuli huhesabiwa kuwa inazama; hakuna kubadili nguo, unatoka na Sokol na mfuko wa dharura. Kuna pia msitu wa baridi, siku mbili, kujijengea kibanda kwa miamvuli ya kutua (parachuti). Hilo ni deni la mwaka 1965, wanaanga Belyayev na Leonov walipotua msituni huko Perm na kulala humo usiku mbili.

Mtihani wa mwisho ukoje?

Ni miwili, kila mmoja karibu siku nzima: mmoja kwenye kielelezo cha sehemu ya Kirusi ya kituo cha anga, mwingine kwenye kielelezo cha Soyuz. Kamanda huchagua bahasha iliyofungwa, na ndani yake kuna orodha ya hitilafu ambayo wao hawaioni. Moshi, hewa kuvuja, mfumo wa kujiunganisha kukataa na kulazimika kuongoza kwa mkono. Kwa maoni yetu hapa ndipo mwanaanga hupimwa hasa, kuliko kwenye mashine ya kuzungusha: hitilafu ya pili huja wakati bado unashughulikia ya kwanza, na asiyemwambia mwenzake anachofanya humpotezea dakika.

Husubiri muda gani kabla ya kuruka?

Mafunzo ya msingi ni kama miaka 2, kisha ya kikundi, kisha ya kikosi chenyewe kitakachoruka. Foleni ndiyo ndefu. Anna Kikina alichaguliwa 2012 akaruka 2022. Oleg Kononenko alichaguliwa 1996 akaruka mara ya kwanza 2008. Kufikia mwaka 2024 alikuwa amekusanya zaidi ya siku 1,100 angani.