Maswali ya Shamba: Viazi Vitamu kwenye Nchi ya Baridi

SWALI: Shemeji yangu anaishi Leeds, Uingereza. Mwaka jana alipanda viazi vitamu uani akapata majani tele, lakini chini alikuta mizizi myembamba kama kidole. Nyumba ya kioo hana wala hana pa kuijenga. Kakosea wapi?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Tunashuku udongo baridi kabla ya jambo lingine lolote. Huku kwetu tunachomeka marando (vipande vya shina la kiazi vya kupandia) mvua zikinyesha, joto hatuliwazii kwa sababu lipo mwaka mzima. Kule ardhi huchelewa kupata joto hata hewa ikiwa imeshachangamka. Wiki nne za mwanzo ndizo mizizi inapoanza kugeuka viazi. Baridi ikiikuta hapo, inakakamaa kama kamba, na ikishakakamaa hainenepi tena hata jua likiwaka vipi.

Kwa hiyo apime. Achomeke kipimajoto sentimita 10 ardhini kila asubuhi. Kikionyesha nyuzi joto 15 au zaidi siku tatu mfululizo, ndipo apande. Kwa Leeds hiyo ni mapema Juni.

Kuupasha udongo moto bila nyumba ya kioo kunawezekana. Ainue tuta la sentimita 30 na kulifunika kwa nailoni nyeusi wiki tatu kabla ya kupanda, kingo zikibanwa kwa udongo. Achague sehemu iliyo mbele ya ukuta unaotazama kusini. Msomaji wa Mwanza anaweza kushangaa, lakini kule jua halipiti utosini kamwe, mchana hukaa upande wa kusini, na ukuta wa matofali huhifadhi joto hilo hadi usiku. Siku ya kupanda atoboe nailoni kila baada ya sentimita 30, achomeke rando, amwagie maji yasiyo baridi. Juu atandaze kile kitambaa chepesi cheupe cha kukingia baridi, mpaka mwisho wa Juni, kisha akirudishe Septemba. Viazi havihitaji nyuki ili vizae, hivyo kufunikwa hakuvidhuru.

Kama hana ardhi, chombo kinachobeba ndoo mbili za lita 20 za udongo kinatosha rando moja. Kiwe cheusi na kiwe na matundu chini.

Marando anaweza kuyaotesha mwenyewe. Katikati ya Machi alaze kiazi kwenye mchanga mbichi, nusu kikiwa nje, ndani ya chumba chenye nyuzi joto 24 hadi 27. Machipukizi yakifika sentimita 15 hadi 20 ayanyofoe, ayaweke kwenye glasi ya maji yatoe mizizi, kisha ayahamishie kwenye vikopo. Asiyaache humo hadi mizizi izunguke kopo, maana atavuna viazi vilivyojisokota. Wiki moja kabla ya kupanda ayatoe nje mchana na kuyaingiza ndani usiku. Atafute aina za muda mfupi kama Beauregard au Georgia Jet. Kiazi cha kula cha dukani mara nyingi hajui ni aina gani, na huenda ni ya msimu mrefu.

Aulizwe pia kuhusu mbolea. Samadi mbichi au yurea kwa wingi huleta msitu wa matembele na tuta tupu. Mboji iliyooza vizuri inatosha.

Avune mwishoni mwa Septemba, kabla ya jalidi, ule umande unaoganda alfajiri. Viazi vikae karibu na hita siku kumi, ndani ya boksi lililofunikwa kwa nailoni yenye matundu, ili michubuko ifunge. Baada ya hapo ahifadhi kwenye nyuzi joto 13 hadi 15. Kwenye friji hapana: kiini kinakuwa kigumu na kuoza kunafuata. Michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, haitakauka kwa jua la Oktoba la kule. Akivipata vingi, avikate vyembamba na kuvikausha kwenye oveni yenye nyuzi joto 60, mlango ukiachwa wazi kidogo.

SWALI: Na magimbi je? Na viazi vikuu?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Magimbi yanataka miezi sita hadi kumi na miwili na maji mengi. Kiangazi cha kule hakifiki huko, kwa hiyo yapandwe kwenye ndoo, yakae nje Juni hadi Septemba, kisha yaingizwe ndani. Kichwa kikikaushwa na kufukiwa kwenye maranda makavu ya mbao hulala hadi Machi.

Viazi vikuu vyetu vina tatizo jingine: hunenepa siku zinapofupika. Kiangazi cha Uingereza urefu wa mchana huzidi saa 16, na siku zinapofupika baridi imeshafika. Kuna jamii ya viazi vikuu ya China inayostahimili baridi. Aitafute hiyo.

SWALI: Nikisafiri nimpelekee mti wa muhogo kwenye begi?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. Muhogo wa Kanda ya Ziwa hubeba magonjwa ya virusi ya batobato na michirizi kahawia, na marando hubeba virusi na fukusi hata yakionekana safi. Mimea ya kupanda huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) pamoja na ruhusa ya nchi inayoipokea. Isitoshe, muhogo unahitaji miezi minane au zaidi ya joto ili uweke mizizi ya kula, na uani Leeds hautaipata. Marando safi ya viazi yanauzwa hukohuko, na ayaagize mapema ili yamfikie kabla ya Juni.