Kabla hujaifungua, jua ilikotoka

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ufundi wa mashine za gemu, kijana akija kwangu kujifunza humwekea mezani Nintendo Switch, mashine ya gemu ya mkononi inayounganishwa pia na TV, na kumuuliza: doki yake, kile kitako inachochomekwa ili ionekane kwenye TV, inafanya kazi gani? Wengi hunijibu kwamba doki ina nguvu ya ziada, ndiyo maana picha ya kwenye TV huwa safi zaidi. Sivyo. Ubongo wote, yaani chipu zinazoendesha gemu, umo kwenye kipande unachokishika mkononi. Doki inapitisha umeme na picha, basi.

Ukitaka jambo hilo likukae kichwani, anzia kwa Sega Nomad, iliyotoka Marekani mwaka 1995. Sega walichukua Mega Drive, mashine yao ya sebuleni iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1988, wakaibana yote ndani ya chombo cha mkononi chenye kioo chake. Kaseti ni zilezile. Ukichomeka waya wa TV, gemu inaonekana kwenye TV na Nomad yenyewe inageuka padi, kile kidude cha vitufe, ya mchezaji wa kwanza; wa pili anachomeka padi yake kwenye tundu lililopo kwenye mashine hiyohiyo. Kampuni ya NEC walitangulia mwaka 1990 na TurboExpress, iliyokula kadi za gemu zilezile za mashine yao ya nyumbani, lakini haikuwa na njia ya kupeleka picha kwenye TV. Kwa hiyo mimi naihesabu Nomad kuwa mama wa Switch, na inaniuma kuona haitajwi.

Kilichoiangusha ni umeme. Ilikula betri 6 zile ndogo za rimoti na kuzimaliza kwa saa 2 au 3, kwa sababu chipu zake zilibuniwa kwa ajili ya mashine inayochomekwa ukutani, na juu ya hapo kioo cha rangi kilihitaji taa nyuma yake. Game Boy ya 1989 ilitumia betri 4 na ikavuka saa 10. Gunpei Yokoi na wenzake pale Nintendo walikubali kioo kisicho na taa wala rangi, kwa kutumia teknolojia ya zamani iliyokwisha kushuka bei. Wateja walichagua mashine inayodumu safarini.

Wii U ya Nintendo ya 2012 ilijaribu njia nyingine: padi yenye kioo, lakini ubongo ulibaki kwenye boksi chini ya TV, ukienda nayo mbali picha inakatika. Switch ya tarehe 3 Machi 2017 ikageuza mpango huo. Ilipewa chipu ya Nvidia Tegra X1, ya ukoo wa chipu za tableti, inayojua kupunguza kasi yake ili ile umeme kidogo. Ikiwa kwenye doki, upande wa chipu unaochora picha unakimbia kwa kasi ya megahezi 768. Ukiichomoa inashuka hadi karibu nusu ili betri idumu na mashine isichemke.

Sasa njooni mezani. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, mteja alileta Switch na doki yake: mkononi inacheza vizuri, kwenye TV ni giza. Nikaifungua doki, nikabadilisha tundu la HDMI, lile la waya wa TV, kazi ya mchana mzima, na giza likabaki palepale. Jioni ndipo nikamuuliza anatumia chaja gani. Akatoa ya simu. Chaja ile ilitoa volti 5, zinazotosha kujaza betri polepole, ndiyo maana mteja aliamini chaja yake ni nzima. Doki haipeleki picha mpaka ipate volti 15. Chaja yake halisi inatoa volti 15 kwa ampea 2.6. Nilimrudishia hela yake yote.

Tangu siku hiyo naanza na chaja kabla ya bisibisi. Weka mita ya USB-C, kile kipimo kidogo kinachoonyesha volti zinazopita, katikati ya chaja halisi na mashine. Ikiganda kwenye volti 5, angalia kwanza meno ya tundu la chaji la mashine kwa lenzi, maana moja likipinda maongezi kati ya chaja na mashine yanavunjika. Meno yakiwa mazima, mshuku M92T36, chipu inayosimamia maongezi hayo. Volti 15 zikifika na TV bado giza, umeme uache, fuata njia ya picha: chipu ya PI3USB iliyo kati ya tundu na ubongo, kisha ndiyo doki. Msichomelee chochote kwenye bodi kabla ya kupima. Joto la kubahatisha limeshaua mashine nyingi zilizokuwa na kosa dogo.

Halafu kuna Switch Lite ya 2019. Inafanana na kaka yake lakini ilitengenezwa bila uwezo wa kutoa picha kwenye TV. Mteja akiileta akitaka uiunganishe, mweleze hivyo palepale kaunta, na usipokee hela yake.