Jibu: Hornet ya zamani, tairi za mbele hazirudi katikati

Habari ndugu. Umesema Tamiya Hornet yako, kile kigari cha rimoti, ukikata kushoto kisha ukaachia rimoti, tairi zinabaki zimeegea kushoto, na sevo, ile mota ndogo inayogeuza tairi, umeshabadilisha mara mbili. Yangu ilinisumbua hivyohivyo hapa Dodoma, na sevo haikuwa na kosa.

Anza na sevo seva, ile plastiki yenye springi inayoilinda sevo tairi likigonga jiwe. Washa gari ili sevo ishike, sukuma tairi taratibu kwa kidole, achia. Springi iliyochoka hairudi palepale. Mimi nilifunga ya Tamiya namba 51000, ngumu zaidi, tatizo likaisha karibu lote. Inakuja na vipande vya kati tofauti, kwa hiyo hesabu kwanza meno ya ekseli ya sevo, yanatofautiana kwa kampuni: Futaba 25, Sanwa 23. Ukilazimisha, meno ya plastiki yanalika.

Kilichobaki kilikuwa vumbi letu la Nkuhungu kwenye pini ambazo tairi linageukia. Fungua, futa kwa kitambaa kikavu. Grisi usipake kabisa, inashika mchanga.

Na kule kuyumba kwenye matuta ulikokutaja pia, kusikuhangaishe. Tairodi, zile fito zinazosukuma tairi, zinatoka moja kwa moja kwenye sevo seva, hivyo mkono wa mbele unaoshika tairi ukipanda, tairi hugeuka kidogo. Gari hili la 1984 liliundwa hivyo.