Mjomba alikuwa anakojoa vizuri tu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa jikoni, na wali ukaungua. Unauliza figo za mjomba wako zimekufaje ilhali alikuwa anakojoa vizuri, hajawahi kulalamika mgongo, na kwa maji hakuna anayemfikia. Ukachomeka kwamba na wewe mgongo unakuuma, na mwenzako kazini kakwambia hizo ni figo. Halafu ukauliza jambo la tatu, mbio mbio, kama mtu anayetaka lisisikike vizuri. Nitalifikia.

Mgongo wako kwanza. Kutwa umekaa kwenye kiti, na maumivu yanakuja ukiinama, yanapoa ukilala. Hiyo ni misuli, mama. Figo huuma ikiwa na jiwe au ikipata maambukizi, na hapo huhitaji kuuliza mtu: jiwe hukugaragaza sakafuni, maambukizi huja na homa na kutetemeka. Lakini ugonjwa unaoila figo taratibu, ule wa presha na sukari, hauumi. Nyama ya ndani ya figo haihisi maumivu. Kinachouma ni utando wa juu ukivutwa. Mjomba wako amefika kwenye mashine ya kusafisha damu bila kumeza hata panadol moja kwa ajili ya figo.

Alimeza vingine kwa ajili ya magoti, na hapo pana sehemu yangu. Diklofenaki, dawa ya maumivu, alikuwa akinunua duka la dawa kama anayenunua pipi, asubuhi na jioni, miaka. Zikimwishia mimi ndiye niliyekuwa nampelekea. Muuguzi mstaafu! Dawa zile hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na kwa mtu mwenye presha ni kuongeza kuni. Mashine ya kupimia presha ilikuwa kabatini kwangu, imefungwa kwenye kanga. Siku nilipomvalisha ule mkanda, ilisoma 190 kwa 110, naye ananicheka kwa nini nimenuna.

Sasa huo mkojo. Figo zako mbili, kila moja kama ngumi yako, huchuja lita kama 180 kwa siku, kisha karibu zote huzirudisha mwilini. Kinachotoka ni lita moja na nusu hivi. Figo iliyochakaa inaweza kuendelea kutoa hiyo lita moja na nusu, ila taka zimebaki ndani ya damu. Ni kama kufua ukamwaga maji meupe: maji umemwaga, uchafu umebaki kwenye nguo. Mkaza mjomba wako alikuwa anaona mumewe anaamka mara tatu usiku kukojoa, wakasema uzee. Povu chooni lilikuwa haliishi hata akimwagia maji, wakasema sabuni. Lile povu ni protini inavuja. Kijiti cha kupima mkojo kingelionyesha mapema, kabla hata kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, haijapanda, maana kreatinini inaweza kusoma vizuri hadi nusu ya kazi ya figo iwe imepotea.

Na maji yake mengi? Yanasaidia kuzuia mawe, sawa. Presha hayaiteremshi. Sasa hivi mjomba wako anakunywa kwa kikombe kilichopimwa, maana asichokikojoa kinabaki miguuni na kifuani, na mashine anaipata mara tatu tu kwa wiki, kwa muda wa masaa manne kila mara. Anafyonza kipande cha barafu kama mtoto. Kwa hiyo usimletee madafu, nakusihi, wala machungwa ya Muheza. Najua huku pwani tumekua tukiambiwa dafu husafisha figo. Kwako wewe mzima ni kinywaji kizuri, basi. Kwake yeye ile potasiamu, madini yaliyomo kwenye dafu, machungwa na viazi, haina pa kutokea, hujikusanya kwenye damu, na ikizidi moyo husimama. Hata viazi tunavimenya, tunavikata vidogo, tunavichemsha na kumwaga maji ndipo tunaviunga.

Jirani keshaleta chupa ya mizizi ya kusafisha figo. Nimeipokea kwa adabu nikaimwaga. Si kwamba nadharau miti. Babu yako ametibu watu. Ila figo ndiyo mlango inamopitia kila sumu tunayokunywa. Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kliniki moja ya Brussels kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mmea wa Kichina, na makumi yao waliharibika figo moja kwa moja. Mmea ule ulikuwa wa asili pia.

Halafu kuna lile la kwamba ukiunganishwa na mashine hutoki ila kwa jeneza. Wodini nimewaona wazazi waliovuja damu nyingi wakijifungua, figo zikasimama ghafla, wakasafishwa damu majuma kadhaa, wakarudi nyumbani wakikojoa wenyewe. Za mjomba wako si za aina hiyo, zimesinyaa. Lakini yuko hai, na jana kagombana na mwamuzi wa mpira kwenye televisheni.

Sasa swali lako la tatu: mtu akibaki na figo moja anaishi? Anaishi. Boston, Desemba 1954, Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard, upandikizaji wa kwanza kufanikiwa. Richard alipata miaka minane zaidi, akamuoa muuguzi aliyekuwa akimhudumia. Ronald aliyetoa alifika 2010, akiwa na miaka 79. Siku hizi si lazima tupande ndege kwenda India. Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017, Dodoma wakafuata 2018. Na wanawake waliotoa figo huzaa, ila mimba zao huangaliwa kwa karibu.

Nimejibu kama muuguzi. Kama mama, tumbo limenikata, sitakuficha. Presha imo katika ukoo huu, upande wangu, na wewe una miaka thelathini na mbili hujawahi kupimwa. Nenda wiki hii: presha, sukari, mkojo kwa kijiti, kreatinini. Ikionekana presha yako imepanda, mazungumzo ya kutoa figo yameisha, na tutaanza kuzishughulikia zako. Majibu yakiwa mazuri, njoo tukae.

Ukifika mshike mkono wa kushoto, pale walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine, karibu na kifundo. Utasikia mtetemo chini ya vidole, kama nyuki ndani ya kiberiti. Wajukuu wanapanga foleni kuusikiliza.

Sijamwambia kuwa umeuliza. Akijua atakataa kabla hujamaliza kusema.

Mama yako